Mzee wa "Muko Wangapi?"

Kule Gihembe, katika kartie yetu, kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila jioni alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja tu: "Muko wangapi?" Hakuuliza habari za mtu, hakuomba chumvi, hakukaa. Ukimwambia "tuko sita", anatikisa kichwa na kwenda mlango unaofuata. Ukimjibu kwa mzaha, "tuko mia", anasimama hapohapo mpaka mtu mzima atoke ndani amwambie idadi ya kweli. Sisi watoto tulimpa swali lake liwe jina. Tulimfuata kwa nyuma tukiiga mwendo wake, tukiwauliza kuku wa watu: muko wangapi?

Nilizaliwa Gihembe mwaka 2001, kwa hiyo sikuiona Kongo wala sikuiona Mudende. Neno Mudende nilikuwa nalisikia mwezi wa Desemba tu, watu wazima wakikaa kimya pamoja. Mama yangu alikuwa hapo Mudende. Hakuwahi kunieleza, na mimi sikujua namna ya kumuuliza. Historia hii ninayoiandika sikuipata kwake, wala sikuipata shuleni. Niliipata kwa yule mzee, na niliipata kwa sababu nilimvunjia nyumba.

Ilikuwa mwezi wa Aprili 2016, mvua ya Byumba mnaijua. Mpira wetu ulipanda juu ya nyumba yake, mimi nikapanda kuutoa. Shitingi ilikuwa imezeeka, mguu ukapita, nikaanguka mpaka kwenye kitanda chake. Hakunipiga. Alikaa akiangalia maji yanavyoingia. Mama ndiye aliyetoa hukumu: nitafute shitingi nyingine, na kila asubuhi kabla ya shule nimpelekee mzee bidoni mbili za maji mpaka mvua iishe. Nilikuwa na miaka 15. Niliona aibu sana, maana wenzangu walikuwa wananichungulia na kucheka.

Wiki tatu hatukusemezana. Naweka maji, naondoka. Siku moja akaniuliza, "Kwenu mulilala wangapi?" Nikasema tuko watano. Akasema, "Juzi mulikuwa sita." Kumbe kaka yangu alikuwa ameondoka usiku kwenda Kigali kutafuta kazi, na hakuaga mtu isipokuwa mama. Mimi mwenyewe sikuwa nimehesabu. Mzee akasema, "Basi sema: tuko sita, mumoja ako Kigali. Usiseme tano." Hapo ndipo nilikaa chini kwa mara ya kwanza nyumbani kwake.

Mvua iliisha mwezi wa tano lakini sikuacha kupeleka maji. Tulikuwa tunakunywa chai isiyo na sukari, yeye anaongea, mimi nasikiliza. Watu walishangaa: mtoto wa mpira na mzee asiyeongea na mtu, wana habari gani? Habari zenyewe ni hizi.

Mzee alizaliwa Gishari, Masisi, wakati wa Wabelgiji. Baba yake alikuwa ametolewa Rwanda. Wabelgiji walitawala Rwanda na Kongo pamoja, na kuanzia mwaka 1937 mpaka 1955 walikuwa na mpango maalumu wa kuhamisha Wanyarwanda kuwapeleka Kivu, kwa sababu Rwanda ilikuwa na njaa na watu wengi, na Masisi walitaka wafanyakazi na wakulima. Lakini si Wanyarwanda wote wa Kivu waliletwa hivyo. Wa Bwisha, upande wa Rutshuru, walikuwa wanaishi huko kabla Wazungu hawajachora mpaka. Wengine walikimbilia huko mwaka 1959 na baada yake. Mtu wa nje anaona watu wa aina moja, lakini kila familia ina mwaka wake.

Mwaka huo ndio uliokuja kuamua nani ni nani. Sheria ya Januari 1972 ilisema kwamba watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wanaishi Kivu kabla ya 1950 ni raia wa Zaire. Mzee alifurahi, akachukua kitambulisho, akanunua ng'ombe. Mwaka 1981 ikaja sheria nyingine, ikafuta ile. Sasa ulitakiwa kuonyesha kwamba wazee wako walikuwa ndani ya nchi mwaka 1885. Mzee aliniuliza: "1885 nani alikuwaka na karatasi? Hata Zaire haikukuwa na karatasi." Kitambulisho chake cha Zaire alikuwa nacho bado, ndani ya nailoni, picha imefutika uso. Alinionyesha mara moja tu.

Halafu mambo yakaenda haraka. Mwaka 1993 mapigano yakaanza Walikale na Masisi. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari hapa Rwanda, watu karibu milioni moja walivuka kuingia Goma kwa siku chache, na katikati yao walikuwemo wanajeshi wa serikali iliyoshindwa na Interahamwe, na silaha zao. Watutsi wa Masisi na Rutshuru walianza kuuawa na kunyang'anywa ng'ombe. Mei 1996 watu waliokimbilia kwa watawa wa Mokoto walishambuliwa hukohuko kwenye monasteri. Mzee alivuka mpaka mwaka huo na mke wake, mama yake mzazi na watoto wanne. Ng'ombe hakuvuka hata mmoja.

Baadhi ya Wakongomani waliokimbia waliwekwa Kiziba, Kibuye. Wengine waliwekwa Mudende, katika mkoa ulioitwa Gisenyi, mahali ambapo leo pako ndani ya wilaya ya Rubavu. Mudende ni mahali pa baridi, chini ya volkano, udongo mweusi, viazi. Watu walikuwa wanapajua kwa sababu ya chuo kikuu cha Waadventista kilichoanza pale mwaka 1984. Aprili 1994 watu wengi waliuawa katika chuo hicho, wanafunzi wakiwemo. Kwa hiyo wakimbizi walipofika, mahali penyewe palikuwa tayari pana makaburi.

Hapa nataka wafanyakazi wa mashirika wanisikilize. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi unasema kwamba, kwa ajili ya usalama, wakimbizi wawekwe mbali vya kutosha na mpaka wa nchi walikotoka, kadiri inavyowezekana. Mudende iko karibu na mpaka. Usiku mzee alikuwa anaona mwanga wa Nyiragongo. Alisema, "Tulikimbia lakini mulima ulibaki unatuangalia."

Mwisho wa 1996 kambi za Goma zilivunjwa na wakimbizi wa Rwanda wakarudi kwa maelfu. Wapiganaji nao wakaingia. Mwaka 1997 na 1998 kaskazini-magharibi yote, Gisenyi na Ruhengeri, ilikuwa vita ya abacengezi. Raia wengi wasio na silaha walikufa katika vita hiyo, na hawakuwa wa upande mmoja tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1997 kambi ya Mudende ilishambuliwa. Waliokufa ni zaidi ya 130. Hesabu nyingine zinakaribia 150. Kambi haikuhamishwa. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Desemba 1997 walirudi wakiwa wengi zaidi, na bunduki, mapanga na moto. Askari wachache waliokuwa wanalinda hawakuweza. Safari hii ripoti nyingine zinasema waliokufa ni zaidi ya 270, nyingine zinasema zaidi ya 300. Madeleine Albright, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuwa katika ziara ya Afrika wiki hiyohiyo na akapita Kigali, ndiyo maana dunia ilisikia kidogo. Mwezi huohuo waliobaki walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Byumba, kwenye kilima cha Gihembe. Ndiko mimi nilikozaliwa.

Nilimuuliza mzee kwa nini hesabu hazilingani. Alikasirika, si na mimi. Alisema tangu Agosti watu walikuwa wanaingia na kutoka kila siku. Mtu analala kwa shemeji yake, kesho anahama. Wengine walifika jioni hawajaandikwa popote, usiku wakafa. Asubuhi walizikwa pamoja haraka. "Wanahesabu vichwa," alisema. "Lakini nani alikuwa anajua kila shitingi walilala wangapi?"

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwanzoni mwa 2018 msaada wa chakula ulipunguzwa kwa robo. Sisi vijana tulikuwa na hasira na shule tuliiona haina mwisho mzuri. Katika kambi zetu maneno ya kurudi Kongo kushika bunduki hayaishi. 2012 yalikuwepo, 2018 nikayasikia kwa masikio yangu. Rafiki yangu mmoja, tuliyekaa naye benchi moja, aliniambia ana njia. Tulikubaliana siku. Nilikuwa na miaka 17.

Sikumwambia mama, nilimwambia mzee. Nilifikiri atalia au ataenda kunisema. Hakufanya hivyo. Alisema, "Sawa. Unaenda juu ya Mudende?" Nikasema ndiyo, na mambo mengine. "Basi lete kaye na biki. Huwezi kwenda kulipizia watu na hujui majina yao."

Tulianza jioni ile. Mzee alikuwa amepanga katika kichwa shitingi za mstari wake wote, 14, kuanzia upande wa miti ya mikaratusi mpaka upande wa choo. Alisema jina la baba, la mama, watoto kwa kufuatana, mtoto anayenyonya, mgeni aliyelala siku hiyo. Mimi naandika. Kila jioni shitingi moja, na alikuwa hataki kuharakishwa. Mtu akiwa na jina la utani, tunaandika. Mtu akiwa na deni la mzee, tunaandika na deni. Mwanamke mmoja alikuwa na sauti nzuri kanisani, mwingine alikuwa mgomvi kwenye foleni ya maji. Siku ya kuondoka ilifika tukiwa kwenye shitingi ya tano. Nikamwambia rafiki yangu anisubiri nimalize.

Hakusubiri, aliondoka peke yake. Mpaka leo hakuna habari. Mzee alipopita mlangoni kwao jioni ile, mama yake alijibu "tuko wanne", na sote tulijua walikuwa watatu. Mzee alitikisa kichwa akaendelea. Ni nyumba moja tu niliyowahi kuona akikubali idadi isiyokuwa ndani.

Shitingi ya 14 ilikuwa yake. Tulikaa siku nyingi bila kuiandika. Mimi nilikuwa nimeshaacha mawazo ya kwenda, sijui hata ni siku gani niliyaacha. Jioni moja akaanza bila kuulizwa.

Usiku wa Desemba, risasi zilipoanza, alitoa watu wake wote nje na wakakimbia kupitia shamba la viazi. Giza. Mahali fulani walilala chini na yeye akapapasa vichwa, kimoja kimoja: mke, mama, watoto wanne, na yeye mwenyewe. Saba. Akamwambia mke wake kwa sauti ndogo, "Tuko wote." Wakabaki kimya mpaka asubuhi. Kulipokucha aliona kwamba mtoto wa mwisho aliyempapasa si wake. Alikuwa msichana wa shitingi ya jirani, kama miaka sita, aliyewafuata gizani. Mtoto wake mwenyewe, mvulana wa miaka mitano, alibaki nyuma. Familia ya yule msichana iliisha yote usiku huo.

"Nilihesabu vizuri," mzee aliniambia. "Saba ilikuwa saba. Ila sikuuliza."

Tangu siku hiyo hahesabu vichwa. Anauliza, na anataka mtu ajibu kwa mdomo wake mwenyewe.

Yule msichana walimlea. Mke wa mzee alifia Gihembe, na mama yake pia. Watoto waliobaki, mmoja yuko Kampala, wawili walirudi Kongo. Msichana alipata bahati ya kupelekwa Marekani na watoto wake, na kila Jumapili anapiga simu. Kartie nzima tulijua kwamba mzee ana binti Marekani. Ni kweli ni binti yake. Lakini siku ile nilielewa kwa nini akimaliza kuongea naye huwa anakaa na simu mkononi muda mrefu.

Niliandika jina la mvulana. Mzee aliangalia mkono wangu ukiandika, ingawa hajui kusoma.

Mwaka 2021 Gihembe ilifungwa. Mmomonyoko ulikuwa umekula kilima, nyumba zinaning'inia juu ya makorongo, tukahamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe. Kutoka baridi ya Byumba mpaka joto la Akagera. Mahama ilifunguliwa 2015 kwa ajili ya Warundi, kwa hiyo mzee alipata majirani wapya. Wiki ya kwanza alipita mlangoni kwa mama mmoja Mrundi akauliza swali lake. Mama yule alifunga mlango, na kesho yake alikuja kunilalamikia mimi, maana nilikuwa nimeanza kazi na vijana. Alisema kwao, mtu anayekuja usiku kuuliza idadi ya watu ndani ya nyumba, kinachofuata mnakijua. Sikuwa nimefikiria hilo kabisa. Swali moja, kwa mzee ni ulinzi, kwa mama ni kifo. Nilikaa nao pamoja, nikamwomba mzee amweleze mwenyewe. Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana. Alimweleza kwa maneno machache. Siku hizi mama yule hangoji, akimwona tu anasema kwa mbali: "Turi batanu, Muzehe."

Mwaka 2024 nilipata ruhusa ya kusafiri, nikaamua kufika Mudende. Basi mpaka Nyabugogo, basi nyingine kupanda kaskazini, mwisho pikipiki. Nilikuta viazi, ng'ombe wazuri wa maziwa, watoto wanatoka shule, Karisimbi imejifunika wingu. Nilikuwa na kaye mfukoni. Mikaratusi niliiona mingi, sikujua ipi ni ya mzee. Mwanamke mzee alikuwa analima kandokando ya njia. Nilimwambia nimetoka wapi. Aliacha jembe. Alisema usiku ule na yeye alilala nje na watoto, na kwamba vita ileile ilimchukulia mtoto wa kiume baadaye. Hakusema nani alimchukua, na mimi sikumwuliza. Alinijazia viazi kwenye mfuko mdogo, akakataa pesa.

Nilivileta Mahama. Mzee alivinusa kwa muda, udongo ulikuwa bado umeshika. Nikamsimulia yule mama. Akauliza, "Kwake wako wangapi?"

Sikuwa nimeuliza. Mzee alinikasirikia kweli. "Umeenda mpaka kule, umekula jasho la mutu, hujui hata wako wangapi?" Siku mbili hakunisemesha. Viazi tulikula siku ya tatu.

Januari 2025 Goma ilitekwa tena na watu wakakimbia tena, na kila nikisikia redio inasema idadi ya waliokufa, nawaza yule mzee angeuliza nini. Nyinyi wenye kompyuta za kutuhakiki na kuchukua alama za vidole, sisemi kazi yenu ni mbaya. Bila orodha hakuna chakula. Lakini mkifika kwa mtu, kabla hamjaandika waliopo, mwacheni ataje na wasiokuwepo. Inachukua dakika chache. Watu wengi hapa hawajawahi kuulizwa.

Sasa tatizo ni hili. Mzee ameanza kusahau. Bado anapita jioni, lakini mara nyingine anarudi mlango uleule mara mbili. Zamani yeye alikuwa anasema na mimi naandika. Siku hizi mimi nasoma kaye na yeye anasikiliza. Akisikia jina anacheka au anasahihisha. Mwezi uliopita kwenye shitingi ya tisa aliniambia, "Hapo kulikuwa na mutoto mwingine, muchanga." Jina halikumjia. Nimeacha mstari mtupu.

Kama wewe unayesoma ulikuwa Mudende, au mama yako alikuwepo, mstari wa juu kuanzia kwenye mikaratusi, njoo. Nipo kwenye jengo la vijana kila jioni baada ya saa kumi na moja. Hata kama unajua jina moja tu. Mama yangu alikuja wiki iliyopita, bila kuniambia anakuja. Alikaa karibu na mzee na akataja majina manne ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia nyumbani kwetu. Wawili ni kaka zake.

Kaye bado ina kurasa.